Nani Anaweza Kuona

Siku ya kwanza ilikuwa chumba bila mlango.
Ukiandika anwani, umeingia:
wanawake thelathini na saba wa likilimba ya Kadutu,
kila jina na faranga zake,
kila faranga na sababu yake.
Nilijivuna. Ilifunguka upesi
hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kisha mume wa Nabintu akaazima simu ya mtoto.
Jumatatu Nabintu hakuleta sambaza sokoni.
Jumanne alikuja, kitambaa amekishusha
mpaka juu ya jicho la kushoto.
Hakunilaumu. Aliuliza tu:
"Ile kitu yako, inasemaka kwa kila mutu?"

Usiku ule umeme ulikatika saa mbili.
Betri ilibaki asilimia thelathini na moja,
nami nikaanza kujenga mlango.

Neno la siri silitunzi.
Nalitia chumvi, kila neno chumvi yake,
nalichoma, naweka majivu.
Mwenyewe akirudi na neno lake
tunachoma tena,
tunalinganisha majivu na majivu.
Mwizi akivunja nyumba ataondoka na kiganja cha majivu.
Nilidhani nimemaliza.

Mama Ntakwinja, mweka hazina, ndiye aliyenionyesha.
Aliingia vizuri, kwa jina lake, kwa neno lake,
akafuta 14 kwenye anwani, akaandika 15,
akakuta deni la jirani yake.
Alicheka.
Kisha akaacha kucheka.

Kumjua mtu ni kazi moja.
Kujua afike wapi ni kazi nyingine.
Hata mwizi ana jina.

Basi juu ya kila kazi nikavika mstari mmoja, kama kilemba:
*huyu ni nani, na hiki ni chake?*
Mara moja nilikosea nafasi nne tu kutoka ukingoni,
na lugha hii yenye jina la chatu
ikalimeza kosa langu bila kupiga kelele.
Kila mtu akapita.
Nikairudisha. Nikajaribu kama mwanachama,
nikajaribu kama mgeni,
nikajaribu kama mume wa Nabintu, huyo nilimjaribu mara nyingi.

Alhamisi nikajaribu kama mimi.
Msimamizi. Milango yote.
Nikagusa mstari wowote, wa tisa,
na ulikuwa wa mama yangu.

*Mbao. Shuka nyeupe. Gari mpaka Walungu.
Ili watoto wasiombe.*

Nilifunga kompyuta kama mtu anayefunika sufuria isiyo yake.
Nje pikipiki ilikuwa inapanda mlima kwa gia ya kwanza,
inapanda, inapanda.

Kabla ya mapambazuko niliandika ruhusa ya mwisho.
Msimamizi anafungua akaunti, anazifuta.
Sababu haioni.
Na kwa kuwa mwenye seva hakosi dirisha la nyuma,
safu ile nikaifunga kwa ufunguo
unaozaliwa na neno la kila mwenye nalo.
Akilisahau, imepotea. Niliwaambia wote hivyo.
Kisha nikaingia kwa jina langu, nikagusa mstari wa tisa.
*Huna ruhusa,* kwa rangi nyekundu.
Maneno hayo niliyaandika mimi.
Yaliniuma vilevile.

Jumapili mama alikuja kuchagua neno lake.
Alikaa kitandani, simu mapajani,
miwani ya kaka yangu puani.
"Na weye," akasema, "unaonaka?"
"Hapana, mama."
Ilikuwa kweli tangu Alhamisi.

Alinitazama kidogo, kama anayepima unga kwa mkono.
Kisha akaigeuza simu upande wake,
nami nikageuza uso ukutani
kwenye kalenda ya mwaka uliopita.
Nilisikia kidole kimoja tu, polepole:
mara kumi na nne, kimya,
mara moja tena,
na cheko dogo ambalo hakunieleza.