Mchagua Winchi

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini aliyenena hivyo hakuzama
Februari, mlimani juu ya Llanidloes,
tope limefika kwenye vitasa vya milango,
mkoba wa sindano mapajani,
na mgonjwa wa pili anapiga simu:
muuguzi, umefika wapi?

Emrys Pugh alinivuta kwa trekta lake.
Hakusema neno.
Kimya chake ndicho kilichonipeleka dukani.

Lowri wa dukani ana grisi hadi kwenye hereni.
Nikamwonyesha ile nyekundu, kubwa kuliko zote,
yenye rimoti, inayong'aa kama jino la dhahabu.
Akauliza: "Gari lako lina uzito gani?"
Nikanyamaza kama mtoto aliyeulizwa saba mara nane.

Basi nikalipeleka kwenye mizani ya malori ya kondoo
na kila kilichomo: tairi la akiba, minyororo,
mtungi wa oksijeni, chupa ya chai,
mimi mwenyewe na koti langu lililolowa.
Tani mbili na robo.
"Zidisha kwa moja na nusu," akasema Lowri,
"maana tope nalo linavuta."

Ile nyekundu itaiinamisha pua ya gari
hadi springi zilie,
na betri itazimia kabla ya kilima.
Waya wa chuma? Ukikatika hurudi kama mjeledi,
haubagui uso.
Kamba ya nailoni? Nyepesi, haina kinyongo,
ila mawe ya huku huitafuna,
na jua kali huidhoofisha.
Jua kali! Mvua ikagonga bati,
tukacheka sote wawili.

Nikachukua ya kijivu, ya wastani, yenye kamba,
na kapi moja la kuongezea:
mwendo nusu, nguvu maradufu.
Hesabu hiyo naijua. Ndivyo nilivyosomea uuguzi,
usiku, miaka sita badala ya mitatu.

Jumamosi nikaenda kuijaribu.
Mlima ule kondoo wameunyoa,
mti hakuna hata wa kusingizia.
Nikafunga mkanda kwenye nguzo ya geti la Pugh,
nikatupa blanketi juu ya kamba kama nilivyoelekezwa,
nikabonyeza.

Mota ikanguruma. Kamba ikakaza, ikatetema.
Kamba hukatikia pabovu, husema wa kwetu,
nami nilikuwa nimekagua kila pabovu nilipopajua:
pini, ndoano, bolti za bampa.
Gari halikusogea hata shubiri.
Nguzo ndiyo iliyokuja,
taratibu, na geti lake,
na mwanakondoo mmoja nyuma,
kana kwamba nimewaita.

Pugh akatoka. Akaitazama winchi muda mrefu,
akalitazama shimo.
"Nzuri hiyo," akasema,
akarudi ndani kuleta sepetu mbili.