Breki ya Abiria

Kibisu ana tai nyembamba na orodha ndefu.
Gari, anasema, ni bei ile tuliyoiona dirishani,
lakini macho ya gari yanauzwa kando.
Macho ya mbele: breki inayojishika yenyewe.
Ya pembeni: taa kiooni ukipitwa na pikipiki.
Usukani wa kukurudisha mstarini ukianza kuyumba.
Na kikombe, ndiyo, kikombe kidogo cha chai
kinachowaka mbele yako usingizi ukikujia.
Vyote pamoja, laki mbili na themanini.
Kimoja kimoja havitolewi, isipokuwa viwili,
na hivyo viwili ndivyo nisivyovitaka.

Nje, Barabara ya Obote inapiga honi.
Nyangweso amekaa kwenye kiti cha plastiki,
fimbo nyeupe kati ya magoti,
anaisikiliza bei kama alivyozoea kusikiliza injini.

Miaka ishirini na sita yeye ndiye alikuwa hivyo vyote.
Mimi usukani, yeye kushoto:
"Ng'ombe." "Tuktuk." "Huyo mama hajakuona."
Kisigino chake kilikanyaga zulia pasipo na breki
hadi likatoboka, tundu la ukubwa wa sarafu,
nami nikimsema kutoka Ahero hadi Awasi
kwamba leseni ni yangu, anyamaze.
Alinyamaza mwaka ule presha ya macho ilipomaliza kazi yake.
Siku hizi hukanyaga nikishakanyaga mimi,
amechelewa kidogo, kama mwangwi.

"Kijana, huo usukani unafuata nini?"
"Mistari ya barabara, mzee."
"Ile ya kwenda Miwani ilipakwa lini?"
Kibisu anacheka, kisha anaona kwamba ameulizwa kwa dhati.
"Na hayo macho ya mbele, yanajua matawi?"
"Matawi?"
"Lori la miwa limekufa usiku, kwenye kona.
Utingo amekata matawi mabichi,
ameyatandaza lami hatua themanini kabla.
Hakuna taa, hakuna pembetatu. Ni majani tu yanasema:
mbele kuna maiti ya chuma, punguza.
Nimeyasoma majani hayo tangu niajiriwe kiwandani.
Gari lako litayasomaje?"

Kibisu anafungua kijitabu. Ukurasa wa kumi na nne. Wa kumi na tano.
"Wameandika mtu, baiskeli, gari," anasema polepole.
"Matawi sijayaona."
Nampenda kwa hilo. Angeweza kudanganya.

Laki mbili na themanini.
Ni paa la jikoni na karo ya Atis, mihula miwili.
Ni zamu ngapi za usiku Muhoroni, wodi ya wazazi,
nikirudi alfajiri na mchanga kwenye kope?
Mwezi wa Mei niliamka gari likiwa limeshatoka lami,
miwa inakichapa kioo, redio inasoma vifo.
Siku hiyo kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.
Sijamwambia mtu.

"Kile kikombe," nasema. "Nionyeshe tena kikombe."

Kunisinzisha hawezi, kwa hiyo ananijaribishia breki,
uani, kwa boksi la kadibodi lililobeba friji ya mtu.
Naliendea boksi, mguu nimeukunja, moyo shingoni.
Gari linalia mara tatu, kisha linashika.
Mkanda unanikaba kifua. Boksi limesimama,
halijui lolote.

Lakini kisigino cha kushoto kilikuwa kimeshapiga sakafu,
kabla ya mlio wa kwanza.
Kabla!
"Nyangweso, ulijuaje?"
"Uliacha kupumua," anasema.

Natia sahihi mahali Kibisu aliponiwekea alama ya msalaba.
Kila kitu, pamoja na usukani wa mistari isiyokuwepo.
Kuna zulia la bure, anatukumbusha, mchague rangi.
Mume wangu anainua kidole kama mwanafunzi.
Rangi haimhusu, anasema.
Apewe lile nene. Upande wa kushoto.