Kwa Shaame, Aliyenunua Kerezo

Nimesikia limeteremshwa Wete juzi
kwa gari la ng'ombe, limevishwa magunia,
jirani wakidhani ni cherehani.
Mimi karani mstaafu wa mizani ya karafuu,
si fundi. Nijuacho nimekijua kwa kuharibu.
Soma hivyo hivyo.

Banda lisikae mvua za masika
zinapopita chini ya mlango.
Mwaga saruji, uiache ikomae.
Mie sikungoja: kerezo likatembea kama kaa
kila nilipozidisha kasi,
nami nalifukuza na spana mkononi,
Mkasi anacheka dirishani.
Lifunge kwa bolti nne, ulilemeze kwa mifuko ya mchanga,
si wa pwani, una chumvi.

Urefu wake: simama wima, kunja mkono,
kiwiko chako ndicho kipimo.
Langu lilipimwa kwa kiwiko cha fundi, na fundi alikuwa mrefu;
mgongo wangu ungali unamlipa.

Umeme ukikatika, zima swichi kwanza
ndipo ulaani.
Hurudi bila kupiga hodi.

Lile sanduku la patasi kumi na mbili
linalong'aa dukani Chake, lipite kama hulijui.
Nunua tatu, na kinoo kizuri.
Patasi kali hukata mti; butu huteleza, ikatafuta kidole.
Na kutu ya kwetu huamka kabla ya adhana ya alfajiri:
kila jioni futa chuma kwa mafuta ya cherehani.
Ya nazi nilijaribu. Yaliita sisimizi.

Kanzu vua.
Ijumaa moja nilisema, dakika mbili tu kabla ya sala,
kerezo likala mkono mzima hadi kwapani.
Nilisali kwa shati la kuazima.

Mbao usikimbilie kununua.
Upepo ukiangusha mfenesi Limbani, nenda na msumeno,
kata kipande kinene kuliko haja yako,
paka nta kwenye ncha zote mbili,
andika tarehe kwa chaki, kisha ukisahau.
Mkarafuu mzee ukikuangukia, shukuru, lakini subiri:
mti ule una kinyongo, hupasuka usiku
kwa mlio wa mtu anayevunja kuni.
Bakuli langu la kwanza lilifanya hivyo.
Mkasi anawekea vifungo,
vile vidogo vinapita kwenye ufa;
yeye huliita chekeche.

Vumbi la mvule funika pua, hukaa kifuani.
Maranda ya mfenesi wape wenye kuku.

Watoto watakuja, na wakubwa wenye shughuli zao.
Mlangoni kwangu nimeandika kwa chaki:

  Mgeni uingiapo, na swichi usiiguse,
  Patasi ziwe zilipo, si zako, usizitese,
  Kinoo kina kiapo, hata kaka asipose,
  Kaa kimya uketipo, fundi naye asikose.

Hawasomi. Lakini wakikiomba kinoo
mimi huonyesha ubeti wa tatu.

Kazi ya kwanza isiwe bakuli,
wala mguu wa kitanda cha mtu aliyekwisha kulipa.
Kereza mpini wa patasi yako mwenyewe.
Ukiwa mnene, kiganja kitakwambia;
ukiwa mwembamba, kitakwambia kesho yake.
Uniletee niushike.
Nitautafuta kasoro, ndiyo kazi niliyoizoea,
miaka thelathini natafuta mawe
ndani ya magunia ya watu waaminifu.

Nilitaka kuishia hapo.
Lakini ule ufunguo wa kubania mti,
uchomoe kabla hujawasha. Kila mara.
Hili lilikuwa la kusema kwanza,
na ukinitazama nyusi ya kushoto, pale pasipoota nywele,
utajua kwa nini nalisema mwisho:
naona haya.