Jiko la Mnada

Leo sijachoma.
Nimelipindua jiko juu ya turubai,
hapa Mwanga, nyuma ya kibanda, saa mbili asubuhi,
na kutu inamwagika kama ugoro.

Nililinunua mnadani Kasulu
shirika lilipofunga ofisi na wenyewe wakaondoka:
vitanda, jenereta, viti vya plastiki mia na kumi,
na hili dude la mfuniko na magurudumu mawili
ambalo dalali mwenyewe hakujua aliite nini.
"Kabati la moto!" akasema, watu wakacheka.
Nikanyoosha mkono kabla sijahesabu nilichonacho.

Mwaka wa tisa huu.
Mabomba manne. Mawili yanawaka vizuri,
la tatu linakohoa bluu na njano,
la nne lilikufa Ramadhani iliyopita,
na juu yake naweka sahani zipate vuguvugu.
Kona ya kushoto moto ni wa polepole:
hapo ndipo mgebuka huiva bila kuvunjika mgongo.
Hilo halikuandikwa popote.
Limo kwenye vidole vyangu.

Mwavita, mwanangu, amenionyesha picha kwenye simu.
Jipya. Linang'aa kama meno ya bwana harusi.
Laki nane na nusu Dar, nauli ya treni juu yake.
"Mama, mteja anakula kwa macho kwanza."
Kweli. Na wengine wanakula kwa mkopo,
hao hakuwapigia hesabu.

Fundi Butoyi amekuja, bisibisi kiunoni,
amechuchumaa, amegonga, amesikiliza
kama mtu anayechagua chungu sokoni.
"Mwili mzima," amesema. "Kilichooza ni matumbo.
Mabomba mawili nitachonga kwa chuma cha pua,
wavu nitauchomelea. Elfu tisini.
Mpira wa gesi sigusi."
Nikamwuliza kwa nini, utepe si upo?
Akanitazama kama nimemtukania mama.
"Mpira haushonwi, shangazi. Mpira unatupwa."

Nimekaa juu ya kreti ya soda
nikaandika kwenye boksi la sabuni:
tisini, na mpira, na kichwa cha mtungi.
Nimekata. Nimeandika tena.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini aliyesema hivyo alinyamaza
kuhusu ufa wa tano, wa sita,
kuhusu siku udongo wa kuzibia
unapokuwa mwingi kuliko ukuta.
Mwaka juzi mshikio. Mwaka jana wavu.
Mwezi wa nne gurudumu
(sasa pale pamekaa jiwe la mto Luiche).
Nikivijumlisha vyote...
Sitaki kuvijumlisha.

Mwavita amevijumlisha.
Amenisomea jumla kwa sauti ya chini, bila kunisuta,
na hapo ndipo aibu iliponipata.
Maana si bei peke yake ninayoiogopa.
Naogopa moto ulio sawa kila pembe,
moto usionihitaji.

Basi nimeamua nusunusu, kama wengi wenye mfuko wangu.
Butoyi achonge. Hii ni mara ya mwisho,
na ameandika tarehe kwa chaki ndani ya mfuniko.
Mpira mpya, kichwa kipya, hapo sibani shilingi.
Na kopo la maziwa limetobolewa tundu:
elfu mbili kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe.
Kopo atalishika Mwavita. Mimi najijua.

Alasiri jiko limesimama.
La nne limefufuka, sahani zangu hazina kwao.
Tumepaka povu la sabuni kwenye maungio,
tumeinama wote watatu, pumzi tumezibana.
Kipovu kimoja kimevimba,
kimesita,
kimepasuka.

"Upepo wa ziwa huo," amesema Butoyi,
tayari anakunja waya zake.

"Subiri," amesema Mwavita.
"Paka tena."