Kumi Chini, Moja Juu

Darasa la usiku, mjini Calama.
Eleuterio Chocobar, miaka hamsini na minane,
kiti cha nyuma, koti hajavua.
Mchana hugawa vyumba kambini kwa wachimbaji,
vitanda viwili kila chumba,
huko jangwani ambako mvua ni habari ya wageni.

Mwalimu Iturra anachora visanduku ubaoni.
"Shaba. Elektroni ishirini na tisa.
Anzeni karibu na kiini. Mbili. Kisha nane.
Msizibananishe kabla ya wakati."

Wenzake wanakuna vichwa. Yeye anatabasamu.
Hajaona mchimbaji anayeomba mwenza
wakati chumba cha pili ki kitupu.
Kwanza kila mtu na dirisha lake;
vyumba vikiisha ndipo wanakubali kubanana,
mmoja kichwa kaskazini, mwenziwe kusini,
wasipumuliane.

Hata kile chumba cha ghorofa ya nne
kinachojazwa kabla ya vile vitano vya ghorofa ya tatu
hakikumshangaza:
watu hufuata maji ya moto,
hawafuati namba za milango.

Akaandika kwa mkono mzito: tisa chini, mbili juu.
Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu.
"Kumi chini. Moja juu."
"Lakini kanuni..."
"Kanuni umeifuata wewe. Shaba haikuifuata."

Akanyamaza.
Julai ile ya baridi, mabomba yakipasuka,
Bascuñán amefiwa na mke,
yuko peke yake chumba cha mwisho, taa haizimwi.
Eleuterio hakuuliza ofisi.
Alipanda ngazi, akamwamsha Anselmo:
"Beba blanketi. Kuna kitanda kwa Bascuñán."
Ghorofa nzima ikatulia usiku huo,
kama sufuria iliyopata kifuniko chake.

Juu akabaki Yerko, kijana, bila mwenza.
Hakukalika chumbani.
Mara koridoni, mara jikoni,
anagonga milango saa nane za usiku
na matokeo ya mpira, na sukari ya kukopa,
na salamu za mtu aliyepiga simu.
Kambi nzima ilijuana kupitia kwake.

"Huyo mmoja wa juu," auliza, "hufanya kazi gani?"

Mwalimu anainua macho kwenye balbu,
kwenye waya unaoishikilia.
"Anatembea."

Eleuterio anafuta tisa, anaandika kumi.
Mkono wa pili, mfukoni,
unapapasa funguo, unazihesabu.