Kibati cha Mashine

Nililinunua mnadani, kiwanda cha mkonge kilipofungwa:
dubwana la kijani, magurudumu manne,
watu sita na jasho mpaka Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Ampea mia nne! Nikajiona bwana.

Siku ya kwanza nikaunga waya mbili,
wa tatu nikauacha unaning'inia
kama mgeni aliyekosa kiti.
Likanguruma, cheche hakuna.
Kisha, tap.
Giza hadi kwa jirani.
Bi Mwanakombo akalilia barafu zake,
na kwa Mhina kinyozi
kijana akatoka nje, kichwa nusu kimenyolewa.

Semkiwa wa umeme alikuja, testa sikioni.
Hakugusa swichi. Alipiga magoti,
akafuta kibati kwa kidole chenye mate,
akakisoma taratibu, kama barua ya posa:
"Fezi tatu. Volti mia tatu themanini.
Wewe umeletewa fezi moja,
na waya huu wa mita yako ni wa pasi na redio.
Kitambaa ndicho hupima kanzu, fundi."

Sikulala. Nilihesabu hela.

Sasa nina kadogo, nakabeba kwa mkono mmoja,
vijiti vyembamba, vya mbili na nusu.
Geti la Bi Mwanakombo lilikula siku tatu:
nachoma, natulia,
naisikia friji yake ikiendelea.

Na dubwana?
Liko palepale. Nimelitandikia ubao.
Ndilo meza ya kadogo.