Ishirini na Tano

Mimi ndiye niliyekitia, niseme kabla habari haijapindwa:
kidude cheusi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba,
nyaya tatu, mkanda wa gundi, karibu na mota.
Bibi Geesje alisimama na chai yake mlangoni pa banda.
"Itauma?" akauliza.
Miaka sabini na minane, mkunga mstaafu,
huuliza hivyo kwa kila kitu.

Kutoka kwake hadi kwa dada yake Hillechien
ni kilomita kumi na nne za mfereji ulionyooka kama rula,
na upepo wa Stadskanaal hauna adabu:
hukupiga usoni ukienda, na ukirudi pia, sijui hufanyaje.
Hillechien siku hizi husahau nani alikuja.
Hasahau nani alichelewa.

Basi Bibi akawa anapaa.

Wakamsimamisha darajani, Jumanne, ng'ambo ya kiwanda cha wanga.
Polisi wawili, na rola mbili za chuma juu ya ubao.
Gurudumu la nyuma likapakatwa kama mtoto kwenye mizani,
afisa akakanyaga pedeli, macho kwenye namba:
ishirini na tano. Hapo mota hutakiwa kunyamaza,
kama mgeni mwenye haya ajuaye wakati wa kuaga.
Haikunyamaza.
Thelathini na moja. Thelathini na sita.
Arobaini kasoro moja.

"Mama, mbele ya sheria hii si baiskeli.
Ni chombo cha moto."
Bibi akainama, akaigusa betri kwa mgongo wa mkono,
alivyozoea kupima homa za vichanga.
"Mbona baridi," akasema.

Akasomewa, wala si kwa ukali:
chombo cha namna hii hudai kibati cha manjano,
bima, leseni, helmeti, kioo cha kumwona anayekufuata.
Baiskeli ni wati mia mbili na hamsini, basi,
na miguu ikisimama, mota nayo isimame.
"Na mguu wa kizee," akauliza,
"sheria yenu huupa wati ngapi?"
Afisa akautazama mfereji.
Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo.

Sheria ni msumeno, husema watu.
Ule ulikata upande mmoja: hakunitaja.
"Nani aliichezea?"
"Niliuziwa hivyo," akasema
mwanamke aliyewahi kunichapa kwa uongo wa biskuti mbili.

Faini nililipa mimi. Kidude nikakitoa Ijumaa.
Sasa hutoka nyumbani robo saa mapema, akinung'unika.

Juzi nilimfuata kwa baiskeli yangu ya miguu mitupu.
Kwenye mteremko wa daraja, maana kilima hatuna,
nikasikia mota ikikata, kama mtu aliyefunga kitabu.
Ishirini na tano.
Bibi hakulegea. Mabega chini, koti limejaa upepo,
ishirini na sita, ishirini na saba,
"Hizi zangu!" akapaza sauti bila kugeuka,
"hizi hazimhusu mtu!"